Eti Santiago ndo Yakobo?

Msomaji kaniuliza: "Mwalimu shikamoo. Mke wangu ni mtu wa mpira haswa, anataka mtoto wetu tumwite Santiago sababu ya ule uwanja wa Real Madrid. Mimi nilitaka aitwe Yakobo kama baba yangu mzazi. Santiago maana yake nini?"

Marahaba baba. Mnagombania jina moja nyie!

Santiago ni maneno mawili yaliyogandana, Sant yaani mtakatifu na Iago, ambayo ni Yakobo ilivyosemwa na Wahispania wa zamani. Ilitoka Kiebrania ikapita Kigiriki na Kilatini (Iacobus) mpaka ikachakaa ikabaki Iago. Yakobo mwenyewe kwenye Mwanzo 25:26 anazaliwa pacha huku kashika kisigino cha Esau, na kwa Kiebrania kisigino ni akev, ndo jina likatokea hapo. Waislamu wetu wanasema Yakubu, ni huyohuyo.

Ila Santiago wa Wahispania ni yule mtume, mwana wa Zebedayo. Karne ya 9 ikasemekana kaburi lake limeonekana kule Galicia, Hispania, ukaota mji wa Santiago de Compostela na mahujaji wanautembelea kwa miguu hadi leo. Wahispania walipovuka bahari wakabeba na jina, ndo maana kuna Santiago Cuba na nyingine Chile ya mwaka 1541. Uwanja wenyewe lakini umepewa jina la rais wa zamani wa klabu, Santiago Bernabéu, sio la mtume moja kwa moja.

Mimi kinachonifurahisha ni Wareno. Wao wamelikata upya, ile t ya Sant wakaihamishia mbele, wakapata jina jipya kabisa, Tiago! Usiwacheke, sisi kitabu tumelitoa kwa Waarabu, kule "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, tukaona hii ngeli yetu tukasema vitabu. Na mafundi gereji je? Madigadi imetoka Kiingereza nzimanzima (mudguard), wao wakaona "ma" ni ya wingi, leo fundi anakwambia digadi moja imepasuka.

Sasa angalizo, usiandike "Mtakatifu Santiago", hapo utakatifu umeutaja mara mbili, sema Mtakatifu Yakobo inatosha. Kutamka ni rahisi, mkazo uko kwenye "a" kabla ya "go", kama Kiswahili tu.

Kwa hiyo mzee wako mwambie wajina wake kapatikana, ila ajiandae, Wahispania Santiago wanamkatisha wanamwita Santi.