Barua kwa mwanangu: begi la chekechea lifunguliwe usiku

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Morogoro hatujambo. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Umeuliza: "Mama, mwalimu ameandika kwenye daftari 'mzazi afike shuleni', na huu ni mwezi wa tatu sijakanyaga pale. Natoka Kimara saa 11:30 alfajiri, narudi saa 1:30 usiku. Ndiyo niache kazi ili niwe mzazi?"

Usiache kazi. Ada inatoka huko. Mjukuu wangu ana miaka minne, anachotaka ni mama anayejua yaliyompata leo. Mwalimu naye anataka kujua mtoto ameamkaje na amelalaje. Yote hayo yanaenea katika ile nusu saa uliyo nayo kabla hajalala, ukiongeza siku chache za ruhusa kwa mwaka. Naanza na begi, kwa kuwa habari zote zimo humo.

Begi mlifungue wawili, mmekaa chini, simu iko mbali. Mwambie dada wa kazi mchana atoe sweta la kufua tu, mengine ayaache hivyo hivyo hadi urudi, maana akishaosha vyombo hutajua kitu. Kontena la chakula likirudi limejaa siku mbili mfululizo, usimgombeze kwamba hali. Mpe kontena lililofungwa, umwambie afungue mbele yako. Mengi yanabana kiasi cha kumshinda mtoto: anajaribu, anaona wenzake wanamaliza kula, anaona aibu kuomba msaada, analirudisha begini. Tafuta lenye mfuniko wa kuchomoa kwa kidole, ulijaribu naye nyumbani kabla halijaenda shule. Chupa ya maji nayo mjaribishe hivyo hivyo. Akiweza kuifungua na bado inarudi imejaa, uliza habari za choo. Watoto wengi wanagoma kunywa maji kwa kuogopa choo cha shule: giza, tundu kubwa, au mlango usiofungika. Mtoto aliyeshinda bila maji kwenye joto la Dar anarudi na kichwa kinamuuma na mkojo wa rangi ya chai, nawe ukadhani ni malaria.

Na hapo hapo kwenye choo, angalia nguo zake. Mkanda, zipu ngumu na vifungo vidogo vinamchelewesha, anajikojolea akiwa mlangoni. Sketi au kaptula yenye mpira kiunoni inaondoa tatizo hilo, na viatu vya kubandika vinamwezesha kuvaa mwenyewe bila kumsubiri mwalimu. Weka chupi mbili na nguo moja ya akiba kwenye mfuko wa kitambaa wenye jina lake. Ile mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, usiitafute. Jina liandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kola, kwenye chupa na kwenye mfuniko pia. Mifuniko ndiyo inayopotea.

Sasa kazi ya nyumbani, na hapa nisikilize vizuri. Mwalimu anaandika herufi "a" juu ya ukurasa, mtoto ajaze mistari sita. Dada, kwa kuogopa kusemwa, anaushika mkono wa mtoto na kumwandikisha. Asubuhi mwalimu anaona ukurasa safi, anaandika "vizuri sana", anasonga mbele na herufi nyingine. Baada ya mwezi inaonekana mtoto hawezi chochote, na lawama zinamwangukia yeye. Acha aandike mwenyewe hata kama herufi inapanda mlima. Akichoka kwenye mstari wa tatu, afunge daftari, wewe uandike pembeni: "Amefanya mwenyewe mistari 3, mkono umechoka." Sentensi hiyo inamsaidia mwalimu kuliko ukurasa mzima wa uongo.

Mkono unachoka kwa sababu vidole havijapata nguvu, na nguvu hazitoki kwenye penseli. Jumamosi mkalishe achambue maharage, amenye karanga, akande unga wa chapati, abane vibanio vya nguo kwenye kamba. Kuhesabu afanye akiwa anaweka vijiko: tuko watu wanne, vijiko vitatu, vimepungua vingapi? Visoda kumi kwenye bakuli vinatosha kwa hesabu za mwaka mzima. Kusoma kunaanzia masikioni, kwa hiyo mpigishe makofi ya silabi: ma-e-mbe, makofi matatu, nyu-mba, mawili. Baadaye mcheze kutafuta neno linaloanza kama "mama". Mtoto anayesikia silabi hashindwi na ba be bi bo bu atakapofika darasa la kwanza. Shule ikijisifu kwamba watoto wa miaka minne wanaandika kurasa tano kwa siku, usiwaonee wivu majirani.

Usimuulize "Leo mmesoma nini?" Atakujibu "hatujasoma", na mazungumzo yameishia hapo. Uliza kitu kimoja anachoweza kukiona kichwani: nani alikaa karibu yako wakati wa uji? Nani alilia leo? Mlicheza nini nje? Jina moja likitajwa kila siku kwa hofu, lifuatilie taratibu. Kisha hadithi moja, paukwa pakawa, dakika kumi, hata ikiwa ile ile kwa wiki nzima. Wanapenda kurudiwa, na ndivyo maneno yanavyowakaa.

Alfajiri usiondoke kwa kunyatia. Mtoto akiamka akakuta umetoweka, anaanza kukulinda usiku asilale, na shuleni anamng'ang'ania mwalimu. Mwambie usiku: "Ukiamka nitakuwa nimekwenda kazini, dada atakuogesha, jua likizama narudi." Mwachie khanga yako ajifunike. Siku utakayompeleka mwenyewe, agana naye mara moja, kisha ondoka bila kurudi kuchungulia dirishani. Ukirudi, unamfundisha kwamba akilia zaidi utatokea.

Huyo dada ndiye mwenzako katika kazi hii, kwa hiyo mheshimu na umweleze kila kitu unachomweleza mwalimu. Andika kwenye karatasi, ubandike mlangoni: saa ya gari, anayeruhusiwa kumpokea, namba ya mwalimu, namba yako, namba ya baba yake. Shuleni napo pawe na majina mawili au matatu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, pamoja na picha zao. Ukibadilisha dada, shule ijue kabla ya siku hiyo. Gari la shule ulipande mara moja uone kama matroni anahesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, na kama anaangalia viti vyote kabla ya kufunga mlango, kwani mtoto akisinzia kiti cha nyuma haonekani. Gari likiharibika, asipakiwe kwenye bodaboda na wenzake watatu. Ni heri achelewe, au asiende siku hiyo.

Mwalimu usimpigie saa 3 asubuhi, ana watoto mkononi. Mwandikie Ijumaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, kwenye simu yake, maana kundi la wazazi si mahali pa kuzungumzia mtoto wako. Ujumbe uwe mfupi, kama hivi: "Habari za jioni mwalimu. Wiki hii mtoto amelala vibaya, baba yake yuko safarini hadi Jumatano. Chakula kilirudi Jumatatu na Jumanne. Naomba kujua anakaa na nani wakati wa uji, na kama chooni anakwenda mwenyewe. Asante." Mwalimu akipata ujumbe wa namna hiyo kila wiki, hatakuwa na haja ya kukuita kwa ghafla.

Kufika shuleni bado kunahitajika, mara tatu kwa mwaka zinatosha: muhula ukianza, katikati, na kabla ya kufunga Desemba. Una siku 28 za likizo ya mwaka kisheria. Omba tatu kati ya hizo Januari, mara ratiba ya mihula inapotoka, ukiwa na tarehe mkononi. Mabosi wengi wanakataa ruhusa ya kesho asubuhi. Mtoto akiugua, sheria ya ajira inakupa siku zisizopungua 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo, yaani miezi 36, nazo uzitunze kwa ugonjwa wa kweli. Ukifika, omba kukaa nyuma ya darasa nusu saa. Hesabu watoto: kiwango cha awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Angalia kama kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia mikono, kina maji na sabuni, na kama mtoto anakifikia. Angalia wanacheza nje kwa muda gani. Juni na Desemba usisahau matone ya vitamini A na dawa za minyoo kliniki, anazipata hadi atimize miaka mitano.

Baba yake naye apewe siku yake, begi la Alhamisi liwe la kwake kabisa, pamoja na hadithi.

Ule mwito usiupuuze hata siku moja zaidi. Jibu usiku huu kwenye daftari hilo hilo: "Nimeona. Naweza kufika Jumanne au Alhamisi saa 1:30 asubuhi, kabla ya masomo. Ipi inakufaa? Kama ni la haraka, nipigie saa 7 mchana." Sare iliyombana nitumie kwa basi la Ijumaa, nina nafasi ya kushusha pindo kabla ya Jumatatu.

Mama yako