Mtoto kakanyaga msumari: acha kutafuta kutu, tazama tarehe ya Penta 3

Dada, pole sana na mtoto. Nilivyokuelewa: kijana ana miaka 6, jana jioni kakanyaga msumari nyuma ya banda la kuku akiwa amevaa ndala, msumari ukachomolewa, bibi akapaka mafuta ya taa. Duka la dawa wamekuuzia vidonge vya antibayotiki na kukuambia sindano ya pepopunda (tetenasi) haina haja, kwa kuwa msumari haukuwa na kutu na kadi ya kliniki ina Penta zote tatu, ile chanjo ya utotoni yenye kinga ya pepopunda ndani yake. Mpeleke leo akachomwe. Hujachelewa, na sababu iko kwenye kadi hiyo hiyo uliyonayo.

Ukiishika, usiishie kuhesabu dozi. Tazama tarehe ya Penta 3. Ratiba ya Tanzania ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na Kenya ni hivyo hivyo, maana yake dozi ya mwisho aliipata akiwa na miezi mitatu na kitu. Kinga ya pepopunda hushuka kadiri miaka inavyokwenda. Kanuni inayofuatwa kwa majeraha ni kwamba aliyekamilisha dozi tatu au zaidi, akapata kidonda kidogo na kisafi, anaongezewa dozi moja ikiwa imepita miaka 10 tangu ya mwisho. Kidonda kikiwa kichafu, au cha kutobolewa kama hiki, miaka inashuka hadi 5. Mwanao ameshavuka mitano. Angekuwa na miaka 3, Penta hizo hizo zingemtosha na asingehitaji sindano. Kama kwenye kadi kuna dozi ya nyongeza aliyopewa baada ya kutimiza mwaka, au shuleni, anza kuhesabu kutoka hiyo.

Watoto wa kiume ndio wanaosahaulika zaidi hapa. Msichana akikua atakutana na chanjo hii kliniki ya wajawazito. Mvulana anaweza kufika utu uzima bila kuongezewa hata mara moja, na ndiye anayezunguka kutwa nzima pekupeku.

Habari ya kutu naomba tuiache kabisa. Bakteria wa pepopunda wanakaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, wakiwa wamejifungia kwenye ganda gumu linalostahimili jua na ukame miaka na miaka. Hata maji ya moto ya kuchemsha dakika chache hayawamalizi. Msumari mpya unaong'aa uliolala bandani ni wa kuogopwa kuliko wa kutu uliotoka stoo. Kinachowapa nafasi ni umbo la kidonda. Tundu ni jembamba, ngozi ya unyayo inajifunga upesi, na chini yake inabaki nyama iliyopondeka isiyofikiwa na hewa. Bakteria hawa wanastawi pale pasipo na oksijeni. Ndiyo maana mafuta ya taa yanaharibu badala ya kusaidia: yanaunguza nyama, na nyama iliyokufa ndiyo makao wanayoyataka. Unga wa betri, majivu, dawa ya meno na kinyesi cha ng'ombe viko kundi hilo hilo, na hicho cha mwisho huenda kikawa kinawapeleka bakteria wenyewe ndani.

Sasa mwoshe upya, hata kama mlimwosha jana. Loweka mguu dakika 10 kwenye maji safi ya vuguvugu ili tope lililokauka lilainike, kisha sugua unyayo wote kwa sabuni ya kawaida na umiminie maji ya bomba au ya jagi, yatiririke juu ya tundu dakika 5 au zaidi. Usipige maji kwa nguvu ndani ya tundu kwa bomba la sindano, yatasukuma uchafu chini zaidi. Usichokonoe kwa pini wala wembe. Kausha, funika kwa shashi safi kwa kulegeza, badilisha kila siku au ikilowa. Tundu lisishonwe wala kuzibwa kwa gundi, libaki wazi ili uchafu utoke wenyewe.

Halafu tafuta ile ndala. Inua uielekeze kwenye mwanga utazame tundu la msumari. Likiwa ni mpasuko unaojifunga ukibana kwa vidole, vizuri. Ukiona duara lenye pengo, ujue kipande cha sponji kimekatika, na mara nyingi kiko ndani ya mguu. Fanya hivyo hivyo kwa soksi. Na msumari wenyewe kama bado upo, angalia ncha yake ni nzima na damu ilipanda hadi wapi, ili umweleze daktari kina. Chuma kilichobaki kitaonekana kwenye eksirei. Sponji, mwiba na kijiti kwa kawaida havionekani, hapo ultrasaundi ndiyo inayosaidia, kwa hiyo usiridhike na "picha iko safi" kama ndala ina pengo.

Kwa wengine mtakaosoma: msumari ukiwa bado umezama sana, au umekatikia ndani, au uko karibu na kiungo, msiuvute nyumbani. Ufungeni usitikisike mwende nao hivyo hivyo.

Vidonge ulivyouziwa havizuii pepopunda. Kinachoua ni sumu ambayo bakteria wanaitoa. Inapita kwenye mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo na kuondoa kizuizi kinachoifanya misuli ilegee. Tundu safi lisilo na usaha kwa kawaida halihitaji antibayotiki. Lenye uchafu ndani au lililozama sana ni la daktari kuamua. Kwa maumivu parasetamoli inatosha, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 18 ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za ile syrup yenye miligramu 120 kwenye kila mililita 5. Soma chupa, kwani nguvu zake hutofautiana.

Ukifika kituoni sema: "Ana Penta tatu, ya mwisho ni zaidi ya miaka mitano iliyopita, kidonda ni cha kutobolewa na kina udongo." Watamchoma mililita 0.5 begani kwenye msuli. Kwa umri wake Td (chanjo ya pepopunda na dondakoo) inakubalika. Hakikisha wanaandika tarehe kwenye kadi, vinginevyo jeraha lijalo mtaanza kubahatisha. Kuchoma kila anapojikwaruza nako si sawa, dozi zikikaribiana sana mkono huvimba vibaya.

Hali ni nyingine kwa mtoto ambaye hakukamilisha tatu, au kadi imepotea na rejista ya kliniki haina jina lake. Huyo chanjo peke yake haitoshi, kwa sababu mwili usio na kumbukumbu huchukua wiki kadhaa kutengeneza kinga. Akiwa na kidonda kichafu anahitaji pia immunoglobulini ya pepopunda, yaani kinga iliyo tayari inayofanya kazi mara moja, yuniti 250, ichomwe sehemu tofauti na chanjo, kisha dozi ya pili ya chanjo baada ya wiki 4 na ya tatu baada ya miezi 6. Zahanati nyingi hazina dawa hiyo, pigeni simu hospitali kubwa kabla ya kupanda gari. Mtoto anayeishi na VVU aliyepata kidonda kichafu hupewa immunoglobulini hata kama dozi zake zimetimia.

Rudi hospitali akipata homa, wekundu unaosambaa, usaha, au akikataa kukanyaga baada ya siku mbili. Maumivu yanayopungua kisha yakarudi baada ya wiki moja usiyapuuze kabisa. Msumari uliopita kwenye raba au ndala unaweza kupeleka hadi kwenye mfupa bakteria ambao amoksilini haiwagusi.

Pepopunda yenyewe hujitokeza siku ya 3 hadi ya 21, mara nyingi karibu na ya 10, wakati kidonda kinaonekana kimepona. Huanza taratibu: mtoto anasema taya zinauma, kijiko hakiingii, anameza kwa shida, shingo na tumbo vinakuwa vigumu kama ubao. Baadaye misuli inakakamaa ghafla kwa kelele tu au mlango kubamizwa. Watu huita degedege na kupoteza siku nzima. Katika degedege mtoto hupoteza fahamu. Mwenye pepopunda ana fahamu zake, anakusikia, analia kwa maumivu. Ukiona hivyo usimpe maji wala chakula, mlaze ubavu, zima redio, punguzeni watu na mwanga, mwende hospitali yenye wodi ya uangalizi maalumu, siyo zahanati.