Ngumi isiyogusa uso: kamera ikae wapi?

Swali: Mimi na wenzangu watano tunatengeneza filamu fupi za mapigano hapa Mwanza kwa kamera moja ndogo na simu. Ngumi zetu zinaonekana wazi kwamba hazigusi. Tuliposogeleana zaidi, mwenzetu alivunjika jino. Tulipoongeza kasi ya video kwenye kompyuta, watu wakaonekana kama katuni. Je, wale wa picha za zamani za Hong Kong tulizokuwa tukizitazama kwenye mabanda ya video walikuwa wakipigana kweli?

Jibu: Mpeni pole mwenzenu, na nianze na jino lake, kwa kuwa kosa lililomuumiza ndilo hilo hilo linaloharibu picha zenu. Mnajaribu kuipunguza nafasi iliyopo kati ya ngumi na uso, ilhali kazi ya mratibu wa mapigano ni kuiacha nafasi hiyo ilivyo na kumficha mtazamaji asiione. Acheni sentimita 20 hadi 30 kati ya ngumi na shavu, hata kwa waigizaji waliozoeana, kisha ihamisheni kamera.

Ujanja huu si wa Hong Kong. Ulikomaa Marekani katika miaka ya 1930, pale mtaalamu wa stanti, yaani matukio ya hatari ya filamu, Yakima Canutt na mwigizaji John Wayne walipozoea kupigana huku kamera ikiwa nyuma ya bega la mmoja wao, ili ngumi ipite mbele ya uso na ionekane imefika. Canutt alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 1967, kwa ustadi wake na kwa vifaa alivyobuni vya kuwakinga watu wa stanti. Kanuni yenyewe ni kwamba lenzi, ngumi na uso vikae kwenye mstari mmoja wakati wa pigo. Ninyi, kwa maelezo yenu, nadhani mnapiga picha kutoka ubavuni, wapiganaji wawili wakitazamana kama picha ya harusi, na hapo hata sentimita 5 za hewa huonekana. Mkisimama nyuma ya anayepiga, ngumi hukatiza kati ya lenzi na uso wa mwenzake. Mkisimama nyuma ya anayepigwa, kichwa chake huificha ngumi kwa nukta ile inayohitaji kufichwa. Kwa sababu hiyo hiyo ngumi ya kuzunguka, inayokatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni rahisi kuipigia picha kuliko ngumi ya kunyoosha, ambayo mimi huichukua kutoka nyuma ya kichwa cha anayepigwa tu.

Umbali wa kamera nao una kazi yake, na hapa ndipo simu huwaponza wengi. Kamera ikiwa mita 1 kutoka kwenye ngumi, na uso ukiwa sentimita 30 nyuma ya ngumi hiyo, ngumi hukuzwa kwa karibu theluthi moja kuliko uso, na jicho hutambua mara moja kwamba viwili hivyo haviko mahali pamoja. Rudini nyuma hadi mita 4, vuteni picha kwa lenzi ya mbali, na tofauti hiyo itashuka chini ya asilimia 8. Lenzi pana ya simu, ile inayotumika kujipiga picha, iacheni kabisa.

Hata hivyo, kamera ikikaa vizuri bado pigo halitaaminika kama anayepigwa hajui kazi yake, na kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye kazi kubwa kuliko anayepiga. Kichwa kielekee kule ngumi inakoelekea, kidevu kitangulie, mabega yafuate, kisha miguu ndiyo ipoteze mhimili. Aanze kugeuka pale ngumi inapovuka uso wake. Akichelewa kidogo watu watasamehe, lakini akiwahi hata kwa fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile zinazounda video, ukumbi mzima utacheka. Anayepiga naye asirushe mkono kabla macho yao hayajakutana, kwa kuwa kukutana huko kwa macho ndiyo ruhusa. Fanyeni mazoezi kwa nusu ya kasi, mkihesabu kwa sauti, hadi hesabu hiyo iwakae mwilini.

Sasa nirudi Hong Kong. Nyota wa picha hizo, Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao, walilelewa tangu utotoni katika shule moja ya opera ya Kichina, ambako sarakasi na mapigano hufuata mwendo wa ngoma, na ndiyo maana mapigano yao yana mapigo mawili matatu ya haraka, kisha kituo kifupi ambapo mwili unaganda na mtazamaji anapata kuona nani amempata nani. Mapigo ya kifuani na tumboni mara nyingi yaligusa kweli, juu ya kinga zilizofichwa ndani ya nguo, na nguo zenyewe zilipakwa poda ili vumbi litimke. Kwa kasi, kamera zao zilizungushwa kwa fremu 22, pengine 20, kwa sekunde, na filamu ikaonyeshwa kwa 24. Fremu 22 humpa mpiganaji asilimia 9 tu ya kasi ya ziada. Ninyi mkiongeza asilimia 50, katuni mnayoiona ni halali yenu. Msiguse kasi ya tukio zima. Kateni fremu mbili katikati ya safari ya ngumi, na hatua za kutembea, nywele na maji yanayomwagika viende kwa kasi yake ya kawaida, kwani hivyo ndivyo vinavyofichua ujanja.

Kuna jambo jingine la chumba cha uhariri katika picha hizo za Hong Kong. Pigo linapoonyeshwa kwa mbali kisha kwa karibu, picha ya karibu haianzii pale ya mbali ilipoishia, bali hurudi nyuma fremu chache na kulionyesha pigo tena. Akili haioni mapigo mawili. Huona moja zito. Jaribuni fremu tatu, msizidishe. Sauti iwekwe kwenye fremu ile ngumi inapovuka uso, na msiitafute kwenye ngumi halisi, maana ngumi halisi hailii kitu; pigeni kipande cha nyama kwa kiganja au mkanda wa ngozi juu ya mto, mtaisikia.

Mwisho ni idadi ya marudio. Chan aliwahi kupasuka fuvu huko Yugoslavia, wakati wa filamu iliyotoka 1986, alipokuwa akirudia mruko wa kutoka ukutani hadi mtini ambao tayari alikuwa ameufanya salama, na tawi likavunjika. Mimi huwapa waigizaji wangu marudio matano kwa kila pigo, na husimamisha kabla ya hapo nikiona anayepigwa ameanza kufumba macho ngumi ikiwa bado njiani.