Maabara ya kemia mwaka wa kwanza: anzia stoo, mabango yatakuja baadaye

Mkuu, hongera kwa kupata ajira. Kwa kifupi ulichouliza ni hiki: umekabidhiwa maabara ya kemia ya mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, wanafunzi 120, fundi sanifu mmoja, na mkuu wa idara anataka uandike kanuni za usalama zibandikwe ukutani kabla muhula haujaanza. Wadau waliotangulia kukujibu kwenye mjadala huu wameshakupa orodha za kanuni na sina ugomvi nazo. Ila mimi ni fundi sanifu wa maabara, nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii hapa hapa kanda ya kati, na nakushauri uweke kalamu chini kwanza uombe ufunguo wa stoo. Usalama wa darasa kubwa unatengenezwa jana yake, kwenye chumba cha maandalizi. Kitu ambacho hakipo mezani hakiwezi kumwagika.

Chukua titresheni, yaani kupima ukali wa asidi au besi kwa kudondoshea kimoja ndani ya kingine, maana ndiyo utakayoanza nayo. Kuna maabara wanaweka mezani chupa ya lita 2.5 ya asidi ya salfuriki kali na kuwaambia vijana wazimue wenyewe, eti ndiyo kujifunza. Sikubaliani nalo kwa mwaka wa kwanza. Asidi ile ni ya asilimia 98, karibu molari 18 (molari ndiyo kipimo chetu cha ukali). Kutengeneza lita moja ya molari 1 unahitaji mililita 55 au 56 tu, na kazi hiyo ni yangu, si yao: maji yanatangulia kwenye bika kubwa iliyokaa ndani ya beseni la maji baridi, asidi inafuata kidogo kidogo huku nakoroga, halafu naiacha ipoe mpaka kesho. Ukigeuza ukamimina maji juu ya asidi, maji yanachemka palepale na kukurushia asidi usoni. Kijana akiingia asubuhi anakuta chupa ndogo ya molari 0.1 inayomtosha yeye na mwenzake, basi. Akiiangusha, tunafuta, tunaendelea.

Kila chupa iwe na lebo: jina la kemikali, ukali wake, tarehe, nani kaitengeneza, na ile alama ya hatari ya pembenne yenye mpaka mwekundu. Na tafadhali sana, piga marufuku chupa za maji ya kunywa na za soda kuhifadhia chochote ndani ya maabara. Najua vifaa ni haba na chupa hizo ni bure. Lakini Dodoma jua linachoma, watu wana kiu, na asetoni ndani ya chupa ya maji inaonekana kama maji. Mimi nikiikuta hata tupu naitoboa kabla ya kuitupa.

Sasa stoo yenyewe. Nina hakika utakuta imepangwa kwa alfabeti, maana wengi hurithi hivyo. Ipangue. Kwa alfabeti, asidi ya asetiki inaangukia jirani na amonia nitreti, yaani kitu kinachoungua kando ya kitu kinachochochea moto. Panga kwa tabia: vinavyoungua peke yake, vyenye kuchochea moto peke yake, asidi mbali na besi, asidi ya nitriki mbali na kila kitu cha kaboni, ikiwemo hiyo asidi ya asetiki ambayo watu huibeba kwa jina la "asidi" wakaiweka rafu moja na nitriki. Vimiminika vya hatari vikae chini, usawa wa magoti, ndani ya trei za plastiki. Chupa ikianguka toka rafu ya juu inapitia usoni kwako kwanza.

Halafu tazama paa. Stoo nyingi zetu ni chumba cha pembeni chenye bati na kidirisha kimoja. Kuna jambo la mji huu ambalo vitabu vya nje havikuambii: tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo vimiminika vinachemka mapema. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ethanoli ambayo kitabu kinasema 78, vijana wako watapata kama 75 na watakuletea kipimajoto wakidai kibovu. Hilo ni somo zuri la mgandamizo wa hewa, litumie. Lakini ietha, kimiminika kinachoshika moto upesi sana, ambayo pwani inachemka karibu nyuzi 35, kwetu inachemka karibu 31. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, stoo ya bati inapita joto hilo kabla ya saa saba mchana. Chupa inakaa stoo inachemka na wewe uko kantini. Mbali ya hapo, ietha iliyofunguliwa ikakaa muda mrefu inajenga peroksaidi, na hizo hulipuka. Kwa mwaka wa kwanza mimi siinunui kabisa. Jaribio linalodai ietha nalibadilisha.

Maji ndiyo mtihani mkubwa zaidi hapa kwetu, na ndilo jambo ambalo sijaona mtu akuambie. Kanuni zote zitasema "osha kwa maji mengi dakika 15". Mengi kiasi gani? Kiwango cha Kimarekani kinachotumika sana, ANSI Z358.1, kinataka bomba la kuoshea macho litoe walau lita 1.5 kwa dakika, na bafu la dharura lita 75 kwa dakika, vyote kwa dakika 15. Piga hesabu. Macho ni lita 23 hivi, yanapatikana. Bafu ni zaidi ya lita 1,100 kwa mtu mmoja. Simtanki ya lita 1,000 uliyoiona juu ya mnara haimalizi hata mtu mmoja, na hiyo ni kama siku hiyo imejaa. Sikuambii usubiri bafu la kimataifa. Nakuambia uwe na tanki la maabara peke yake, lisiloungwa na vyoo wala bustani, na fundi wako alipande kila asubuhi ya kipindi kuangalia limejaa kiasi gani. Likiwa chini ya nusu, hakuna asidi siku hiyo, mnafanya hesabu za makosa ya vipimo au kupima uzito. Mara ya kwanza watakulalamikia. Kiwango hicho kinataka pia maji yawe vuguvugu, nyuzi 16 hadi 38, na tanki jeusi linaloshinda juani hapa linaweza kukutolea maji ya kukoga mzazi, kwa hiyo lijengee kijipaa. Bomba la macho lifungulie mara moja kwa wiki litoe vumbi na kutu.

Ukiwa hapo kwenye maji: yale ya bomba usiyategemee kwa majaribio. Weka matone mawili ya nitreti ya fedha kwenye neli (kile kichupa chembamba cha majaribio) yenye maji ya bomba uone utando mweupe unavyojitokeza. Hiyo ni kloridi. Kijana aliyesuuza neli zake bombani atakuapia kuwa kila chumvi uliyompa ni kloridi, na atabishana na wewe kwa ushahidi. Kila meza iwe na chupa yake ya kubinya yenye maji yaliyokenekwa. Hilo linapunguza pia foleni kwenye sinki, na foleni ndiyo inayozaa kugongana viwiko.

Ndani ya kabati la huduma ya kwanza weka khanga mbili tatu. Sitanii. Asidi ikimmwagikia mtu pajani, nguo inavuliwa hapo hapo na maji yanamiminwa robo saa. Nimewahi kumwona binti ameng'ang'ania sketi yake huku inatoboka, kwa kuwa darasa zima la wavulana linamtazama, mpaka mama wa usafi alipovua khanga yake mwenyewe akamzungushia na kumvutia bombani. Tangu hapo khanga ziko kabatini kwangu, pamoja na mkasi wa kukatia nguo, na wavulana wanajua kwamba kukitokea jambo wanatoka nje bila kuambiwa mara mbili.

Mlango. Maabara nyingi zina milango miwili na wa pili una kufuli, madirisha yote yana nondo, na ufunguo anao mlinzi. Hofu ya wezi naielewa, mizani ni ghali. Lakini watu 30 na mlango mmoja, na kwenye mlango huo mabegi yamerundikwa! Kufuli litoke kabla ya kipindi, lirudi baada ya kipindi, na liandikwe kwenye daftari. Mabegi yaache rafu ya nje.

Mavazi sitayarefusha, wadau waliotangulia wameyasema. Nyongeza mbili tu. Koti la maabara lishonwe kwa pamba. Mafundi cherehani wetu wanapenda kitambaa cha tetroni, chenye nyuzi za viwandani, kwa kuwa hakikunjamani, ila kikishika moto kinayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Mwaka 2008 huko Los Angeles, msaidizi wa utafiti aitwaye Sheharbano Sangji alimwagikiwa na kemikali inayowaka ikigusana na hewa. Hakuwa na koti la maabara, alivaa sweta ya nyuzi za viwandani, ikashika moto. Alifariki Januari 2009, ana miaka 23. Ya pili ni nywele: rasta za kuunganisha ni plastiki, zifungwe nyuma, na ncha za hijabu ziingizwe ndani ya koti. Ongea na wanafunzi mapema na kwa heshima, wiki ya kwanza, ukiwa na dada mmoja wa idara. Ukisubiri kumfokea mtu mbele ya jiko umeshachelewa.

Wanafunzi 120 wagawe makundi manne, 30 kila moja, wewe na fundi wako ndani kwa muda wote. Mkiwa wawili, mmoja asitoke, hata kwa simu ya mkuu wa idara. Mlangoni mimi huuliza kila jozi swali moja: leo kipi kitakachokuumiza na ukiumia utafanya nini? Anayejibu anaingia. Asiyejibu anakaa kwenye benchi anasoma maelekezo mpaka ajue. Fomu za kusaini kwamba "nimesoma na kuelewa kanuni" nimeziona nyingi, zinamlinda mwenye kabati la mafaili.

Kuvuta kemikali kwa mdomo kwenye pipeti, ule mrija wa kupimia: utakuta wengi wameizoea toka sekondari, wanaifanya bila hata kufikiri. Nunua mipira ya kuvutia ya kutosha kila mtu, uimbe wimbo huo kila kipindi. Taa za spiriti nazo zina balaa lake, kwa sababu mwali wa ethanoli kwenye mwanga wa jua la dirishani hauonekani vizuri, kijana anadhani imezimika anaongeza spiriti. Kwangu taa hazijazwi chumbani kabisa. Iliyoisha inabadilishwa na nyingine iliyojaa. Kama una gesi ya mitungi, mtungi ukae nje. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na dirisha la juu halikusaidii kitu.

Umeme ukikatika wakati kabati la kuvuta moshi linafanya kazi, kioo kinashushwa, moto unazimwa, watu wanatoka. Usiwaache wamalizie "kidogo tu". Ndiyo maana jaribio la shaba na asidi ya nitriki, lile la gesi ya kahawia, nalifanya mimi mbele yao kwa kipande kidogo, na siku yenye dalili za umeme kukatika silifanyi.

Taka: madumu manne yenye lebo, moja la metali nzito, moja la vimiminika vyenye klorini, moja la vimiminika visivyo na klorini, moja la asidi na besi ambalo asidi yake unaituliza kwa bikaboneti kabla ya kumwaga. Mengine hayaendi sinki. Kwa kuyatoa nje ya chuo, na kwa usajili wa kemikali zenyewe, ongea na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maana Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inakugusa hata wewe mwenye stoo ndogo. Nenda kabla hawajaja wao.

Dakika 20 za mwisho ziheshimu. Hakuna jaribio jipya, gesi inafungwa kwenye mtungi na siyo kwenye jiko tu, bureti zinasuuzwa na kuachwa wima bomba likiwa wazi, fundi anahesabu vifaa meza kwa meza kabla mtu hajatoka.

Ukipata nafasi, andika hapa stoo yako ina dirisha upande gani, tanki ni la lita ngapi, na mitungi ya gesi iko ndani au nje. Nikijua hayo ndipo naweza kukuambia meza uzipange vipi.