Mama aniandikie nyumba kwa dola moja?

SWALI: Shikamoo wakili. Tuko Houston, Texas. Mama ana miaka 76, mjane, raia wa huku, nyumba yake kainunua kwa kubeba boksi, zamu za usiku miaka na miaka akilea wazee wa watu, deni la benki kamaliza. Sasa ameanza kusahausahau, juzi kaacha jiko linawaka, na daktari anasema tujiandae na nasingi homu, yaani kituo cha kutunzia wazee. Nimeulizia bei nikaishiwa nguvu. Kaka yuko Dallas, anasema mama aniandikie nyumba fasta kwa dola moja ili serikali isikute kitu. Mimi ndo naishi nae, mwaka wa tatu huu, sijaolewa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza msisaini hiyo ya dola moja. Najua kaka hana nia mbaya, ila hapo ndo familia nyingi zinapoumia.

Iko hivi. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haimlipii mtu kuishi nasingi homu, inalipa mpaka siku 100 tu za matibabu baada ya kulazwa hospitali, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa anachangia. Anayelipa muda mrefu ni Medicaid, msaada wa matibabu wa serikali kwa wasio na uwezo, nayo inataka mama awe na akiba isiyozidi dola 2,000, lakini nyumba anayokaa kwa kawaida haihesabiwi, mradi aseme anakusudia kurudi na thamani isivuke kikomo chao. Kwa hiyo hakuna anayekuja kuwatoa siku mama akiingia kituoni. Ila wanakagua miaka 5 nyuma, na nyumba ya dola moja kwao ni zawadi, watapiga hesabu ya thamani yake kupata muda wa adhabu, na kwa muda huo hawalipi kitu. Mama yuko kitandani, bili inakuja, nyumba sio yake tena. Utafanyaje?

Dai la serikali linakuja akishafariki. Sheria ya Marekani ya 1993 inayataka majimbo yadai kurudishiwa gharama za waliohudumiwa na Medicaid kuanzia umri wa miaka 55, na Texas inadai kwenye mali inayopitia mirathi ya mahakamani tu. Sasa hapo ndo pa kushika, maana Texas inakubali hati inaitwa Lady Bird deed, mama anabaki mwenye nyumba kabisa, anaweza kuuza, kukopea, hata kubadili mawazo bila kuwaomba ruhusa, na siku akiondoka nyumba inakuja kwenu moja kwa moja bila mahakama. Haihesabiwi zawadi. Wewe na kaka wote mnaweza kuandikwa, kaka mwambieni mapema asijehisi kaachwa.

Na wewe una kinga yako. Mtoto mkubwa asiye na ndoa aliyekaa kwenye nyumba hiyo mfululizo angalau mwaka mmoja kabla ya mzazi kufariki, Texas haidai. Pia mtoto aliyekaa na mzazi miaka 2 kabla hajaingia kituoni, akamhudumia mpaka ikachelewesha kuingia, anaweza kupewa nyumba bila adhabu, lakini mimi bado napenda ile hati, kwasababu ya kodi. Nyumba ya zawadi inabeba bei aliyonunulia mama, tuseme 90,000, ukija kuuza 260,000 tofauti yote inahesabiwa faida yako. Ya urithi inahesabiwa kwa thamani ya siku aliyofariki.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kusahau. Mama lazima aelewe anachosaini, na wakili atataka kuongea nae peke yake, kwahiyo mpelekeni asubuhi akiwa kachangamka, wiki hii sio mwezi ujao, kwa wakili wa mambo ya wazee wa hapo hapo Texas. Bebeni hati ya nyumba na kitambulisho. Siku hiyohiyo asaini na nguvu ya uwakilishi (power of attorney), yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mambo yake, inayoendelea hata akipoteza kumbukumbu, iandikwe wazi kwamba inahusu na nyumba, halafu ile Lady Bird deed isajiliwe kwa karani wa kaunti mama akiwa hai. Ikibaki kwenye droo haitawasaidia.