Ukihamia nje na mazingaombwe yako, anzia dukani

Vijana wa Kigoma wanaofanya mazingaombwe, wakipata safari ya kwenda kuishi nje, huniuliza: kaka, wenzetu huko nitawapataje? Nawajibu kwamba watafute duka la vifaa vya mazingaombwe kwanza, chama cha wanamazingaombwe kitafuata.

Yamenikuta New York. Nimetoka Ujiji nimezoea kuonesha kwenye harusi, ambako kabla hujatoa kitambaa mfukoni inabidi uwatoe wazee hofu ya uchawi. Kule sikumjua mtu. Duka la Tannen's, lililoanza 1925, huwezi kulikuta kwa kuzungukazunguka mitaani maana liko ghorofani, kwa hiyo tafuta anwani kabisa. Muuzaji aliponiuliza nafanya nini, nilitoa sarafu ya shilingi 200 nikaipoteza kiganjani. Akaiomba, akaigeuzageuza, kisha akanipa sarafu ya nusu dola nijaribu. Ni pana, inajaza kiganja, na ukiibana kwa nyama ya chini ya kidole gumba inakaa bila vidole kukakamaa. Wateja wawili wakasogea kutazama. Walikuwa wanachama wa chama cha wanamazingaombwe, na hapo hapo wakanialika kwenye mkutano wao.

Ndivyo mambo yalivyo tangu zamani. Chama cha Society of American Magicians chenyewe kilizaliwa 1902 ndani ya duka la Martinka, katika mji huo huo.

Ila dukani kuna adabu yake. Usiulize "inafanywaje?" kabla hujalipa, kwa sababu pale siri ndiyo bidhaa. Na usiondoke mikono mitupu; nunua hata pakiti ya karata, maduka haya yanaishi kwa wateja wachache.

Mji usipokuwa na duka, angalia chama cha International Brotherhood of Magicians, kilichoanzishwa 1922. Matawi yake huitwa Ring, kila moja lina namba, na yapo nchi nyingi. Mwandikie katibu wa lililo karibu, ujitambulishe. Wanaokwenda London wajiandae zaidi: chama cha huko, The Magic Circle, cha 1905, hukuhoji kwanza kisha hukupa mtihani wa kuonesha mbele ya wakaguzi. Dada zangu, wanawake wanapokelewa hapo tangu 1991, msiogope kuomba.

Siku ya kwanza chamani simu ibaki mfukoni, usirekodi mtu. Nenda na onesho moja tu, lile ambalo mikono yako inalifanya huku unaongea.