Jibu: Niruke maelezo marefu kwenye riwaya ya kihistoria?

Dada yangu, umeuliza kama utakosa kitu ukiruka kurasa za maelezo na kwenda moja kwa moja kwenye mapigano na misukosuko ya baharini. Utakosa mengi mno! Nakusihi usiruke.

Riwaya ya safari za kale ikiandikwa vizuri, utamu umo humo humo kwenye maelezo. Chukulia merikebu za Wareno zilipotia nanga Malindi, Aprili 1498. Kwamba Vasco da Gama alipata rubani hapa akavuka hadi Calicut, tulifundishwa shuleni. Kinachokushika ni mwandishi anayeujua upepo: kusi ndiyo hupeleka vyombo Bara Hindi, na aliyekosa msimu hana budi kungoja. Hapo wasiwasi wa nahodha unauelewa hata kabla hajafungua mdomo.

Au mtepe wa zamani wa Lamu. Mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, tanga lenyewe mkeka. Mwandishi stadi akikuonyesha maji yanavyopenya kwenye mishono na baharia anavyoyakumba usiku kucha, dhoruba ikija roho iko mkononi. Ukiwa umeruka, dhoruba ni kelele tu.

Mimi kurasa hizo huzisoma kwa sauti, jioni, barazani. Sisi wa Lamu tumelelewa na tenzi. Sentensi yenye mizani sikio huitambua. Mapigano yasome kwa kasi upendavyo. Ukichoka, funga kitabu, kesho uendelee palepale.